Sura ya Tano: Sakafu Aitakayo Kuku

Mtu akusudiapo kufuga kuku wa mayai aghalabu huanza kwa kuuliza habari za mbegu, kisha za chakula, kisha za chanjo na dawa, na mwisho akauliza bei ya trei ya mayai sokoni. Ama sakafu, huiacha ihukumiwe na fundi wa banda, au na bei ya saruji na waya kwa siku ile. Mpango huo umepinduka, kwa kuwa kuku, ijapokuwa ana mbawa na huhesabiwa katika jamii ya ndege, ni kiumbe wa ardhini: juu ya ardhi hutafuta riziki, kwa vumbi lake huoga, katika kishimo alichokifukua hutaga, na hata apandapo juu ya fito wakati wa magharibi hufanya hivyo kwa kuzihofia hatari za usiku za ardhi ile ile ambayo mchana kutwa hakubanduka nayo. Kwa hiyo abadilishaye sakafu ya kuku hubadilisha kazi yake, usafi wake, uzazi wake na usingizi wake kwa pamoja. Nami nasadiki ya kwamba ni machache sana katika maamuzi ya mfugaji yawezayo kumfanyia kuku hisani kubwa, au dhuluma kubwa, kuliko huu wa sakafu.

Asili kuu ya kuku wafugwao duniani ni kuku mwekundu wa porini, akaaye mpaka leo katika misitu na vichaka vya kusini-mashariki mwa Asia, mahali ambapo ardhi imefunikwa na majani makavu, na chini ya majani hayo zimejificha mbegu, mchwa, mabuu na minyoo. Maumbile yalimjalia ndege huyo mguu wenye kucha ngumu za kufukulia, na jicho la kuitambua punje ndogo iliyo karibu na mdomo, na subira ya kuchakura, kurudi hatua moja nyuma, kukitazama alichokifukua, kudonoa, na kuanza tena tangu alfajiri hata jioni. Mtaalamu wa tabia za wanyama wa Chuo Kikuu cha Oxford, Marian Stamp Dawkins, aliwaangalia kuku wa asili hii waliokuwa wakiishi kwa uhuru katika hifadhi ya Whipsnade nchini Uingereza, akachapisha hesabu zake mwaka 1989: katika takriban asilimia 60 ya dakika alizowaangalia walionekana wakidonoa ardhi, na katika asilimia 34 walionekana wakichakura. Hii ndiyo kazi ya maisha ya kuku, na mengine yote hufanyika katika nafasi iliyobaki.

Kuku wa mayai wa zama zetu, aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi hata akaweza kutaga mayai zaidi ya 300 kwa mwaka, amebadilika umbo, rangi na wingi wa mayai, lakini kazi hii haikumtoka. Mwaka 1972 Ian Duncan na Barry Hughes, waliokuwa wakifanya utafiti wao Edinburgh, walieleza jinsi kuku waliowekewa chakula cha bure, na kando yake wakawekewa kitufe ambacho kuku akikidonoa hupata chakula kile kile, walivyoendelea kukifanyia kazi kitufe hali ya kuwa cha bure kilikuwa tele mbele yao. Wahenga wa pwani walikwisha kulijua jambo hili bila ya maabara, waliposema kuwa mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Na ndani ya usemi huo imo hukumu ambayo mfugaji hana budi kuizingatia, kwani kisichofunzwa hakiwezi kusahaulishwa, na kiumbe asiyeweza kuisahau kazi yake hudhikika anyimwapo mahali pa kuifanyia.

Mahali hapo aliondolewa katika karne ya 20, pale vizimba vya waya, vilivyopangwa safu juu ya safu, vilipoenea Marekani na Ulaya. Insafu yataka tuzitaje hujja za waliovieneza, kwa kuwa hazikuwa hujja za ukatili mtupu. Juu ya waya kinyesi hupenya kikaanguka mbali na ndege, na hivyo vimelea vya koksidia, viletavyo kuhara damu, ambavyo hukomaa katika matandiko yenye joto na unyevu kisha vikamezwa tena na kuku adonoaye, hukatiwa njia. Sakafu huinamishwa kidogo ili yai likishatagwa liviringike lenyewe mpaka ukingoni likiwa safi. Na mtu mmoja huweza kuhudumia kuku maelfu. Lakini gharama ya faida hizo alilipishwa kuku. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, hata baada ya sheria kuongeza nafasi mwaka 2003, kiasi cha chini kilichotakiwa katika kizimba kitupu kilikuwa sentimita za mraba 550 kwa kuku mmoja, yaani pungufu ya ukurasa mmoja wa karatasi ya A4. Na chini ya miguu yake hapakuwa na cha kuchakura wala cha kuogea. Kucha zisizopata udongo wa kuzisaga zilirefuka zikapinda, na mara nyingine zikanasa katika nyaya, na mifupa isiyopata mwendo ikadhoofika hata ikavunjika kwa urahisi.

Mwaka 1964 Mwingereza Ruth Harrison alitoa kitabu chake kiitwacho Animal Machines, kilichowafunulia walaji wa nchi yake namna mayai na nyama yao ilivyopatikana, na fazaa iliyotokea ikaifanya serikali iunde kamati ya uchunguzi chini ya uenyekiti wa Profesa Rogers Brambell, bingwa wa elimu ya wanyama wa Bangor katika Wales. Kamati ilitoa ripoti yake mwaka 1965, na miongoni mwa mengi iliyoyakataza ilikuwamo sakafu ya waya mwembamba wenye matundu ya pembe sita, ambayo machoni pa wajumbe haikuwa tegemeo la kufaa kwa mguu wa ndege. Wakashauri badala yake uwekwe wavu wa chuma kinene wenye matundu ya mstatili. Shauri hilo lilitoka katika nyoyo za huruma, na mtu yeyote mwenye akili timamu, akizitazama sakafu hizo mbili kwa jicho la kibinadamu, angeliafiki.

Ila kuku walikuwa hawajaulizwa. Mwaka 1973 Barry Hughes, pamoja na mwenziwe Black, alichapisha matokeo ya jaribio ambamo kuku walipewa ikhtiari ya kukaa juu ya sakafu ya namna moja au nyingine, na muda waliokaa juu ya kila moja ukapimwa. Na kuku, badala ya kukimbilia chuma kinene walichotakiwa mema nacho, waliuelekea zaidi waya mwembamba ulioharimishwa na kamati. Sababu iliyoelezwa yafahamika kwa urahisi mtu akiufikiri wayo wa kuku kuliko wake mwenyewe: nyaya nyembamba zilizokaribiana huushika wayo mahali pengi zaidi, na uzito wa mwili ukagawanyika, ilhali vyuma vinene vilivyoachana huuacha uzito huo uelemee sehemu chache.

Habari hii yastahili kukaa mbele ya kila mtu awahurumiaye wanyama, kwa kuwa yaonya kuwa huruma isiyofanya uchunguzi huweza kutoa hukumu ya makosa huku ikidhani inatenda ihsani. Walakini kumuuliza kuku nako kuna adabu zake. Kwanza, aliyeambiwa achague baina ya waya na waya hakuulizwa kama anautaka waya. Jibu lake latueleza lipi kati ya mawili ni jepesi kwake, wala halitupi ruhusa ya kusema ameridhika. Pili, kiumbe huegemea kwanza lile alilolizoea. Dawkins alilionyesha jambo hili mwaka 1977, alipowapa kuku nafasi ya kuchagua kizimba au uwanja wa nje wenye majani: wale waliotoka vizimbani walikichagua kizimba mwanzoni, na mtu mwenye haraka angalisema kwa hakika kuwa kizimba ndicho wakipendacho; lakini baada ya kuonjeshwa uwanja mara chache tu waligeuka wakauchagua uwanja. Muulizaji mwadilifu basi humpa kuku muda wa kukijua kitu kabla ya kumtaka shauri.

Adabu ya tatu ni kuupima uzito wa tamaa, maana kupenda kitu ni jambo moja, na kukubali kupoteza kingine kwa ajili yake ni jambo jingine. Katika majaribio yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 Dawkins aliishindanisha sakafu na nafasi, vitu viwili ambavyo kuku huvitaka vyote. Upande mmoja akaweka kizimba kikubwa chenye waya mtupu, na upande wa pili kizimba kidogo kilichotandikwa matandiko. Kuku waliingia katika kile kidogo. Hata wale waliolelewa juu ya waya tangu utotoni, ambao miguu yao ilikuwa haijapata kukanyaga matandiko, waliyapendelea mara walipokutana nayo. Ndege aliyenyimwa nafasi maisha yake yote, kisha akaitoa nafasi hiyo ili apate kitu laini cha kukwaruza kwa kucha zake, ametoa ushahidi ambao mahakama yoyote yenye haki ingeupokea.

Miongoni mwa mambo ayafanyayo kuku katika matandiko, kuoga vumbi ndiko kunakodhihirisha zaidi jinsi haja hii ilivyozama katika maumbile yake. Kuku akitaka kuoga hulala kifudifudi, akalikokota vumbi kwa mdomo mpaka ubavuni, akazitikisa mbawa kwa nguvu ili vumbi lipande na kuingia kati ya manyoya hata lifike kwenye ngozi, akakisugua kichwa, akachakura kwa mguu mmoja, akalala upande na kujigaragaza ili vumbi lipenye zaidi. Kisha huinuka, akajikung'uta kwa mshindo mmoja, na wingu la vumbi likamtoka. Klaus Vestergaard wa Denmark, aliyelichunguza tendo hili kwa miaka mingi, alieleza katika mwaka 1982 kuwa kuku mwenye mahali pa kuogea huoga takriban siku moja baada ya nyingine, kwa muda wa karibu nusu saa, na aghalabu wakati wa adhuhuri, joto na mwanga vikiwa vimekithiri. Aliyezuiwa kuoga kwa siku kadhaa, siku afunguliwapo huanza mapema na huoga kwa muda mrefu zaidi, kwa kulipiza alichokikosa.

Faida ya kuoga huko imepimwa. Karibu na mkia kuku ana tezi itoayo mafuta, nayo huyapaka manyoyani kwa mdomo. Mafuta hayo yakizeeka hushikamanisha manyoya, na malaika ya chini ambayo kazi yake ni kuhifadhi joto hulala yakapoteza wepesi wake. Douwe van Liere na wenzake huko Uholanzi walionyesha kuwa vumbi laini huyanyonya mafuta hayo ya kale na kuyapukutisha, na kuwa kuku asiyeoga hulimbikiza mafuta manyoyani mwake siku hata siku. Fauka ya hayo vumbi huwadhoofisha wadudu wa ngozi. Katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, watafiti Amy Murillo, na kabla yake Martin na Mullens, wameshughulika na chawa na utitiri wa kuku. Na mwaka 2012 hao wawili wa mwisho walieleza kuwa kuku waliowekewa sanduku la mchanga uliochanganywa na unga wa diatomi, au udongo mweupe wa kaolini, au salfa, walipungukiwa sana na wadudu hao katika muda wa wiki moja tu ya kuoga.

Lakini mwenye kudhani kuwa kuku huoga kwa sababu ya uchafu peke yake hajakifikia kina cha jambo. Vestergaard na wenzake waliwachunguza vifaranga wa uzao usioota manyoya, ambao hawana mafuta ya kupukutishwa wala malaika ya kuchambuliwa, wakawaona nao wakioga vumbi kama wenzao. Na kuku aliyefungwa juu ya waya mtupu, asiye na chembe ya vumbi, hulala juu ya nyaya hizo akafanya tendo lote la kuoga, akiukokota mdomo hewani, akizitikisa mbawa juu ya chuma, akijisugua kwa kisichokuwapo. Wapo waliolitumia jambo hili kuwa hujja ya kwamba kuku juu ya waya anaoga na hapungukiwi na kitu. Mimi naliona kinyume chake: tendo hilo lashuhudia kuwa haja ipo kamili na kitu chake hakipo, na kuku huyo, akipata matandiko ya kweli baada ya hapo, huyaogea kwa bidii ya mtu ambaye deni lake halijalipwa.

Kuna athari nyingine, nayo humgusa mfugaji katika mfuko wake. Harry Blokhuis wa Uholanzi alionyesha katika miaka ya 1980 kuwa kudonoana manyoya, maradhi yale ya tabia yanayowaacha kuku na migongo mitupu na mara nyingine huishia katika kutoana damu na kuuana, kuna uhusiano na kudonoa ardhi: mdomo ulioumbwa udonoe maelfu ya mara kwa siku, usipopata kitu cha kudonoa chini, humgeukia jirani. Matandiko yatolewayo mapema, tangu vifaranga wangali wadogo, hupunguza hatari hiyo hata wanapokuwa wakubwa. Bali ayatoaye baada ya tabia kukomaa hupata nafuu ndogo. Kwa hiyo mfugaji awaleaye vifaranga juu ya waya au juu ya karatasi tupu kwa ajili ya wepesi wa kusafisha, akitumaini kuwapa matandiko watakapoanza kutaga, huwa amechelewa kwa jambo ambalo siku zake hazirudi.

Sasa mwenye kukubali hayo atauliza ni matandiko gani yafaayo, na jibu la kweli ni kwamba kila kazi ya kuku ina sakafu yake. Kwa kuoga hutaka kitu chenye chembe ndogo, kikavu, kinachopita kati ya manyoya kwa wepesi. Kila vilipopambanishwa, udongo wa kinamasi uitwao piti, uchimbwao katika nchi za baridi, na mchanga, viliyatangulia maranda ya mbao, na maranda yenyewe huyaondoa mafuta ya manyoya kwa udhaifu. Kwa kuchakura hutaka kitu chenye kuficha na kufichua, majani makavu au nyasi zilizokatwakatwa, na punje chache za nafaka zikitupwa humo hugeuza asubuhi nzima kuwa shughuli. Kwa kutaga hutaka mahali pa faragha penye giza kidogo na kitu kinachofinyangika chini ya kifua: majaribio yaliyofanywa Ubelgiji yameonyesha kuwa kuku hulipendelea tundu lenye piti, au lenye zulia la majani ya bandia, kuliko lenye wavu wa plastiki, na Hughes, Duncan na wenzao walitambua kuwa hata kuku aliyekuta kiota kilichokwisha kufinyangwa hukifinyanga tena, kwa kuwa kujenga nako ni sehemu ya haja. Ama kwa kulala hataki sakafu ya namna yoyote, bali hutaka fito iliyoinuka, na uchunguzi wa Anna Olsson na Linda Keeling nchini Sweden ulionyesha kuwa kuku yu tayari kusukuma mlango mzito wakati wa usiku ili aifikie. Banda lenye sakafu moja ya namna moja toka ukuta hata ukuta, hata kama sakafu hiyo ni njema, limemjibu kuku swali moja kati ya manne.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki vitu hivi havihitaji kuletwa kwa meli. Mashine za mpunga za Mbarali, Kilombero na Mwea huacha milima ya kumvi, nazo ni nyepesi, hukauka upesi na hazishikamani. Seremala wa kila mji ana maranda ya kuuza au ya kugawa. Pwani kuna mchanga, na kila jiko la kuni lina jivu. Nashauri kumvi au maranda yatandazwe kwa kina cha inchi tatu hadi nne, na katika pembe moja ifikiwayo na jua kitengwe kisanduku kipana cha mchanga mkavu uliochungwa na kuchanganywa na jivu kidogo lililopoa, kwa ajili ya kuoga. Vumbi laini sana la mbao lisiwekwe kwa vifaranga, ambao hulidonoa wakidhani ni chakula, wala lisitumike la mbao zilizopakwa dawa ya mchwa. Na kitu chochote kilichoota ukungu kikataliwe mlangoni, kwani ukungu huo huingia katika mapafu ya kuku na kuyaharibu.

Adui wa matandiko ni maji, na mfugaji asiyemshinda adui huyu ndiye huishia kuyalaani matandiko na kununua vizimba. Chombo cha maji kinachovuja, paa linalodondosha, upande wa upepo usio na ukuta mfupi wa kuzuia mvua ya masika, na kuku wengi kupita kiasi: hizo ndizo njia zake. Unyevu ukizidi, kinyesi hutoa amonia, ambayo huumiza macho na koo, na haifai kuachwa ipite sehemu 25 katika milioni moja ya hewa. Wayo hupata vidonda, na vile vimelea vya koksidia hupata joto na maji viyatakayo. Kipimo cha kila siku ni mkono: mfugaji achukue gao la matandiko, alifumbate kwa nguvu, kisha afumbue, yakishikamana yakabaki donge, yana maji mengi, na yapasa kugeuzwa, kuongezewa makavu, na chanzo cha maji kutafutwa siku ile ile. Kuku wenyewe ni wasaidizi wake, kwani achakuraye huyageuza na kuyakausha. Mahali wasipochakura ndipo pagandapo kwanza.

Nayo matandiko yatunzwayo hivyo hulipa. Katika miaka ya 1940 D. C. Kennard na wenzake, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ohio nchini Marekani, walionyesha kuwa matandiko mazito yasiyoondolewa kila mara, bali yakageuzwa na kuongezewa, huwa makazi ya vijidudu vyenye manufaa, na kuku wayadonoapo hupata lishe ambayo chakula chao cha siku zile kilipungukiwa nayo. Sehemu ya siri hiyo ilifunuliwa mwaka 1948, ilipotengwa vitamini B12, ambayo vijidudu hivyo huitengeneza. Hata baada ya chakula cha viwandani kuikamilisha vitamini hiyo, mwisho wa mwaka mfugaji hubaki na mbolea njema ya kukuzia mahindi na mchicha.

Baadhi ya nchi zilizovipokea vizimba mapema zimekuwa za kwanza kuvikataa. Uswisi ilivipiga marufuku tangu 1992. Na Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 1999, uliharimisha vizimba vitupu kuanzia Januari 1, 2012. Agizo hilo hilo lataka mabanda yasiyo na vizimba yawe na angalau sentimita za mraba 250 za matandiko kwa kila kuku, na matandiko hayo yafunike si pungufu ya theluthi moja ya ardhi ya banda. Tena limeyaeleza matandiko kuwa ni kitu chochote chenye kutifuka kimwezeshacho kuku kutimiza haja za silika yake. Yote hayo ni matunda ya yale majaribio madogo ya kumfungulia kuku milango miwili na kungoja.

Huku kwetu vizimba hivyo vinauzwa sasa Nairobi na Dar es Salaam kwa jina la maendeleo, katika nchi ambazo wangaliko kuku wengi wa kienyeji, waamkao na kuchakura uani mpaka jua litue. Simlaumu mfugaji mwenye eneo dogo na mkopo wa kulipa kwa kuvitazama kwa matamanio. Lakini namwambia kuwa banda la matandiko lililojengwa vizuri, lenye kuku wa kiasi, litampa mayai na heshima pamoja, na kuwa kukinunua leo kile ambacho wenzetu walikitupa baada ya nusu karne ya majuto ni kununua majuto yao kwa fedha yetu. Mafakihi wamesema tangu zamani kuwa nafaka ya mnyama, yaani matunzo yake, ni wajibu juu ya mwenye kummiliki, na watu wengi huifahamu nafaka hiyo kuwa ni chakula, maji na kivuli. Elimu iliyopatikana katika miaka hii yatulazimu kuongeza jambo la nne kwa kuku: ardhi ya kufanyia kazi yake. Kwa hiyo anayechora ramani ya banda jipya na aanze chini, apime theluthi ya matandiko, sanduku la mchanga, matundu ya kutagia na fito za usiku, kisha ahesabu kuku wangapi watatoshea. Wala asianze kwa hesabu ya kuku na kuacha sakafu ipokee kilichobaki.